Muhuri juu ya Chuma: Silaha za Safari, kutoka Forodha ya Unguja hadi Houston

Ndugu zangu, watu wa ukoo na wasiokuwa wa ukoo,

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania hufunguliwa mwezi wa Julai, na sisi tukaao hapa Sugar Land, kando ya Houston, huujua bila ya kutazama kalenda, kwa mazungumzo ya majirani. Texas ni jimbo la wawindaji. Mjini Dallas kipo chama chao, Dallas Safari Club, ambacho mwezi wa Januari 2014 kilinadi kibali cha kumwinda faru mweusi mmoja wa Namibia kwa dola 350,000. Houston nayo ina chama chake. Mwenye uwezo akitaka kumfuata nyati katika mapori ya Tanzania, hupenda kusafiri na bunduki aliyoizoea, na hapo ndipo inapoanza safari ya pili, safari ya karatasi, ambayo aghalabu huwa ndefu kuliko ile ya ndege.

Kwanza huipeleka bunduki, ikiwa tupu na imo sandukuni, mbele ya ofisa wa forodha wa Marekani. Ofisa huisoma nambari iliyochorwa juu ya chuma, huilinganisha na iliyoandikwa katika fomu iitwayo 4457, kisha hutia sahihi na muhuri. Kwa Marekani yenyewe faida ya fomu hiyo ni ndogo: inathibitisha kwamba mali ilitoka hapa, ili mwenyewe asidaiwe ushuru akirudi nayo. Sheria humruhusu msafiri kutoka na bunduki zisizozidi tatu na risasi zisizozidi 1,000, lakini ruhusa hiyo ya risasi ni ya kitabuni zaidi, kwani mashirika ya ndege kwa kawaida hayapokei zaidi ya kilo tano za risasi kwa mtu mmoja. Bunduki hufungwa katika sanduku gumu lenye kufuli, hutangazwa mbele ya karani wa shirika la ndege, na husafiri pamoja na mizigo, si pamoja na abiria.

Kisha zipo nchi za kupitia. Anayepitia Amsterdam hutakiwa kibali cha kupitishia silaha kutoka idara ya forodha ya Uholanzi iliyoko mji wa Groningen, hata kama yeye mwenyewe hatatoka nje ya kiwanja cha ndege. Anayepitia Doha au Dubai hana budi shirika la ndege liwe limekwisha kuridhia kabla ya siku ya safari. Na mwisho wa yote ni polisi wa Tanzania, ambao kibali chao huombwa mapema na kampuni ya uwindaji, kikitaja aina ya bunduki, kipenyo cha mtutu na nambari ile ile iliyosomwa Houston.

Watu wa hapa huzilalamikia karatasi hizi kama uzushi wa serikali za leo. Mimi niliyekula kwa kalamu maisha yangu yote ya kazi, kila nizitazamapo naona sura ninayoijua: jina la mwenye silaha, alama iliyopigwa juu ya chuma, muda wa ruhusa, na mkono wa aliyetia muhuri. Utaratibu huo uliwekewa bara letu mwaka 1890, na katika pwani yetu walioandikwa na kuhesabiwa ni mababu zetu. Kwa hiyo nimeona niieleze historia yake. Ndani yake mna mambo ambayo koo zetu huyapamba, na mengine ambayo huyanyamazia.

Tuanze na Wamarekani, maadamu ndiko tuliko. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Edmund Roberts alifunga kwa niaba ya Marekani mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan. Mkataba huo tunautaja kwa fahari katika hafla zetu, lakini ni wachache waliousoma. Kifungu chake cha pili kinawapa Wamarekani uhuru wa kuingia katika bandari zote za Sayyid na kuuza watakacho kwa wamtakaye, isipokuwa kitu kimoja: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe ila kwa serikali peke yake. Katika bandari zake nyingine zote, ruhusa kumwuzia mwenye kutoa bei ya juu.

Naliona sharti hilo kuwa la mtu aliyejua alifanyalo. Unguja ndiko alikokuwa akikuhamishia kiti chake, na hakutaka silaha iteremke pale pasi na yeye kujua. Kwingineko, ambako mkono wake haukufika sawasawa (Mombasa ingali mikononi mwa Mazrui hadi mwaka 1837), aliiacha biashara iende. Ni sheria ndogo, mistari michache tu, lakini muhuri ulikuwa wa Sayyid mwenyewe, na Mmarekani ndiye aliyeomba ruhusa. Miaka saba baadaye jahazi lake, Sultana, lilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, mjumbe akiwa Ahmad bin Naaman. Miongoni mwa zawadi alizopelekewa Sayyid kwa kujibu zake zilikuwamo silaha za Colt zenye kupiga mara kadhaa bila ya kujazwa upya, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya hata kwa Wamarekani.

Kwa nusu karne iliyofuata, merikani na bunduki zilishuka forodhani, na pembe zikapanda. Kila majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, zile zilizoachwa, za gumegume na za fataki, zilipata soko kwetu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii. Hata tukipunguza hesabu hiyo kwa kuwa balozi alikuwa na haja ya kuwatisha wakubwa wake, inabaki kuwa kubwa mno.

Hapa sina budi kusimama. Katika kumbukumbu za koo zetu tunaipenda picha ya babu aliyeketi kitini na bunduki mapajani, na chini yake tunaandika "mfanyabiashara wa pembe". Pembe ilibebwa na watu. Bunduki ndiyo iliyomwezesha mtu mwenye wafuasi mia kupita katika nchi ya maelfu, akarudi na pembe, na mara nyingi akarudi na watu waliofungwa minyororo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tumwitaye Tippu Tip, aliyafikisha maisha yake katika kitabu kwa Kiswahili chake mwenyewe, na humo hakujificha: anavihesabu vita vyake kama karani ahesabuvyo mizigo. Jina lenyewe, kwa maelezo yake, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Mtoto wa Houston anayefundishwa kwamba huyu ni mtu wetu mkubwa, afundishwe pia kwamba jina hilo alipewa na watu waliokuwa wakipigwa risasi.

Wala mtu wa Sugar Land hana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa mambo haya. Mwaka 2018, wakati wa kujengwa shule, yalifukuliwa hapa mabaki ya watu 95, wafungwa weusi waliokodishwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa baada ya utumwa kufutwa. Mji uliozoea kuisimulia sukari ukalazimika kumsimulia na aliyeikata. Nasi tuna pembe na karafuu zetu.

Nirudi kwenye silaha. Mwezi wa Disemba 1888 Waingereza na Wajerumani waliizingira pwani kwa manowari. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Wajerumani wakati huo walikuwa wakipigana na Abushiri bin Salim, na kwa maoni yangu silaha walizotaka khasa kuzizuia zilikuwa zake. Kisha mataifa yakaketi Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 wakaitia sahihi sheria kuu ya kukomesha biashara ya watumwa. Siku moja tu kabla yake, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kuafikiana juu ya nani atachukua Unguja na nani atachukua Mrima. Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa waliotia sahihi, ingawa walioketi kwa niaba ya Sultani hawakuwa watu wa nchi yake.

Sheria ya Brussels ilichora mstari kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, na ndani ya eneo hilo lote la Afrika ikapiga marufuku kuingizwa kwa silaha za moto, khasa zile mpya zenye mifuo ndani ya mtutu. Zilizoruhusiwa ziliwekwa katika bohari la serikali. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti hafifu iliyoitwa baruti ya biashara, zingeweza kutolewa na kuuzwa mahali ambapo serikali imekubali. Bunduki nzuri hazikutolewa ila kwa watu wa namna mbili: mwenye dhamana ya kutosha kwamba hatampa wala kumwuzia mwingine, na msafiri mwenye barua ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda nafsi yake. Kila silaha iandikwe, ipigwe alama, na mwenyewe apewe leseni yenye jina lake na mfano wa alama hiyo. Leseni iwe ya miaka mitano, iweze kufanywa upya, na iweze kufutwa ikitumiwa vibaya.

Someni tena masharti hayo, kisha itazameni fomu ya Houston. Ni utaratibu ule ule.

Katika bweta la marehemu babu yake baba yangu imo karatasi ya namna hiyo, imekunjwa mara nne na kuliwa na mchwa pembeni. Alama ya muhuri ingali inasomeka. Mtaani mtu huyo alikuwa akiitwa sheikh na watu wakimwinukia. Katika karatasi ni jina, nambari, na gobori moja. Jamaa zangu huitazama kama ushahidi wa heshima, kwamba babu alikuwa mtu wa kuaminiwa hata serikali ikampa silaha. Mimi naisoma vingine. Mwaka aliozaliwa, mtu wa daraja yake hakuhitaji kumwomba mtu yeyote. Aliyeandika karatasi ile alikuwa amekwisha kumnyang'anya silaha zote kwa sheria, kisha akamrudishia moja kwa hisani. Walakin sisemi kwamba ilikuwa dhuluma tupu. Wapo watu katika vijiji vya bara ambao watoto wao hawakuchukuliwa kwa sababu baruti ilipungua, na hao hawakuacha bweta lenye karatasi za kuwasemea.

Kifungu cha kumi cha sheria ile ndicho kinachomhusu msafiri wa leo. Kilisema kwamba dola yenye pwani isimnyime ruhusa mwenzake mwenye nchi ya bara kupitisha silaha zake katika ardhi yake, ikiwa huyo wa bara hana njia yake mwenyewe ya baharini. Hapo ndipo kibali cha kupitishia kilipopata nguvu ya sheria baina ya mataifa: silaha ipo nchini mwako, lakini haikuingia nchini mwako. Jambo hilo ni rahisi kuliandika na gumu kulitenda, na kisa cha Charles Stokes kinatosha kulionyesha.

Stokes alikuwa Mwairishi aliyekuja kama mmisionari, akaoa kwa Wanyamwezi, akaacha dini ikawa biashara. Alijua kuongoza misafara kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, na aliuza bunduki hadi Uganda. Mwishoni alitoka upande wa Wajerumani akaingia Kongo, nchi ya Mfalme Leopold, na silaha za kubadilisha kwa pembe, na wateja wake walikuwa Waarabu na Waswahili waliokuwa wakipigana na dola hiyo. Kapteni wa Kibelgiji, Lothaire, alimkamata, akamhukumu usiku, akamnyonga tarehe 15 Januari 1895. Ulaya nzima ilichafuka. Dola ya Kongo ikailipa Uingereza fidia ya faranga 150,000 na Ujerumani faranga 100,000, na Lothaire mwenyewe akashitakiwa mara mbili na kuachiliwa mara mbili. Kwa Mzungu mmoja aliyepita mpakani na silaha ziliandikwa barua baina ya dola tatu. Katika vita vile vile vya Kongo, vya miaka ya 1892 hadi 1894, walikufa watu wa pwani wasio na idadi kwa ajili ya bunduki hizo hizo, na fidia haikutajwa.

Biashara ilipobanwa Afrika haikufa, ilihama. Maskati ilikuwa nje ya mstari wa Brussels, na katika miaka iliyofuata ikawa soko kubwa la bunduki zilizovuka Ghuba kuelekea Uajemi na mipaka ya Afghanistan. Waingereza waliokuwa India hawakulala. Mwaka 1912 Sayyid Faisal bin Turki alikubali kuweka bohari la silaha na kuzitoa kwa leseni tu, naye akalipwa kwa hasara ya ushuru. Kwa hiyo jamaa zetu waliobaki Oman nao waliifikia karatasi ile ile, miaka ishirini na miwili baada yetu.

Sasa mtazameni Mmarekani akirudi. Theodore Roosevelt aliondoka New York tarehe 23 Machi 1909, wiki chache baada ya kumaliza urais, na akateremka Mombasa tarehe 21 Aprili kutoka meli ya Kijerumani iitwayo Admiral. Alikuja na bunduki ya Springfield, na Winchester, na moja ya mitutu miwili kutoka kwa Holland & Holland wa London aliyopewa zawadi na marafiki wa Kiingereza. Mombasa, kwa sheria, ilikuwa bado ardhi ya Sultani wa Zanzibar iliyokodishwa kwa Waingereza, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome. Lakini aliyempokea ni kaimu gavana wa Kiingereza, Frederick Jackson, na leseni zake zilikuwa za Waingereza. Mwaka 1833 Mmarekani hakuweza kuuza hata baruti Unguja ila kwa Sayyid. Mwaka 1909 Mmarekani alipita na bunduki zake chini ya bendera ya kitukuu chake, Sayyid Ali bin Hamoud, na Sultani hakuulizwa.

Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Bunduki zao zilibebwa na watu wa pwani na bara. Mbeba bunduki wa Kermit, Juma Yohari, alikuwa Mswahili, na Roosevelt alimtaja kwa jina katika kitabu chake. Juma aliishika bunduki nzuri kuliko zote ambazo ukoo wangu uliwahi kuzishika, akaisafisha, akaibeba siku nzima juani, akaitoa kwa mwenyewe wakati wa kupiga. Kwa sheria iliyokuwa ikitawala, silaha kama ile ilikuwa ya mtu mwenye barua ya serikali yake. Kumbebea ilikuwa halali.

Yaliyofuata mnayajua, nitapita haraka. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Waarabu wa Unguja waliokuwa na silaha majumbani walinyang'anywa, wala leseni aliyopewa mtu na serikali iliyoondoka haikumkinga. Katika nyumba yetu karatasi ilibaki, bunduki haikubaki. Tanganyika na Zanzibar zikaungana mwaka ule ule. Uwindaji wa kitalii ulifungwa Tanzania mwaka 1973 ukafunguliwa tena mwaka 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua hadi leo, na ndiyo sababu watu wa Texas hushuka Kilimanjaro, si Nairobi, na bunduki zao.

Wengi wao siku hizi hupitia Doha. Bunduki hutoka Houston, hukaa saa chache kwenye Ghuba, kisha hufuata kusini njia ambayo majahazi ya wazee wetu yaliifuata kwa upepo wa kaskazi. Wapo jamaa zetu wanaofanya kazi katika viwanja vya ndege vya Ghuba, na pengine sanduku hilo lenye kufuli limewahi kupita mikononi mwa mjukuu wa mtu aliyeandikiwa gobori. Likifika Kilimanjaro hufunguliwa mbele ya polisi wa Tanzania. Bunduki zenye kujijaza zenyewe na bastola hazikubaliwi kwa uwindaji wa kitalii. Kwa wanyama wa hatari kipenyo kisipungue .375. Nambari husomwa kwa sauti, hulinganishwa, na muhuri hupigwa na mtu ambaye huenda babu yake alikuwa mpagazi. Mzee tajiri wa Dallas husimama kando na kungoja. Mabadiliko haya ya mwenye muhuri nayapenda, nakiri, kuliko mabadiliko mengine mengi niliyoyaona.

Kuna jambo moja la kikarani ambalo limewatesa wawindaji wa hapa. Fomu 4457 ina tarehe ndogo iliyochapwa pembeni juu. Ni tarehe ya kuisha idhini ya kutumika kwa fomu yenyewe, jambo la ofisi za Washington, wala haimhusu mwenye bunduki. Lakini polisi wa nchi za kusini mwa Afrika, wakiiona imepita, wamewahi kuikataa karatasi, wakisema leseni ya bwana huyu imekwisha. Mmarekani hushangaa, kwa sababu kwao fomu si leseni. Polisi naye hashangai, kwa sababu karatasi ya silaha isiyokuwa na mwisho wake hajapata kuiona tangu dola zilipoanza kupiga alama juu ya chuma.

Wenye karatasi za namna hii katika mabweta ya wazee wenu, nawaomba mnitumie picha zake, pande zote mbili, bila ya kuzilamba wala kuzipiga pasi. Tazameni kwanza mji ziliotolewa: Bagamoyo na Pangani zitakuwa za Wajerumani, Mombasa na Unguja za Waingereza, na hapo mtajua babu yenu aliomba kwa nani. Kisha tazameni kama imetajwa gumegume au fataki. Na kama nyuma pameandikwa kwa hati ya Kiarabu, msiache kunitumia, nitawasomea.

Wassalaam.